Sikio la Mgonjwa Ateremshwaye Mlimani

Lori la kabichi litokapo Nyandira, katika tarafa ya Mgeta, huanza safari yake likiwa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1500. Hupita Langali, likazunguka kona baada ya kona, likateremka hadi Mlali, kisha likatokea Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa, na hatimaye kuingia mji wa Morogoro ulio kwenye mita zipatazo 500. Abiria waliomo hawahitaji ramani ili wajue kwamba wameteremka, kwa kuwa masikio yao yamekwisha kuwaambia. Kwanza mngurumo wa injini hufifia, kama kwamba unatoka nyumba ya jirani. Baadaye sikio hujaa, pengine likauma kidogo. Kisha mtu hupiga mwayo au kumeza mate, kitu kikalia ndani ya kichwa kama kokwa ndogo iliyopasuka, na kelele zote za dunia zikarudi mahali pake. Watoto hulifurahia jambo hilo. Wazee hulihesabu kuwa ni sehemu ya nauli.

Barabara hiyo hiyo hupitiwa na gari la wagonjwa. Aliyelala ndani yake pengine hana fahamu. Pengine ametoka kupasuliwa, dawa ya usingizi haijamwisha mwilini, mpira wa kupumulia ungali kooni na mwingine umepitishwa puani hadi tumboni. Mtu huyo hapigi mwayo wala hamezi mate, na hawezi kumwambia muuguzi aliyeketi kando yake kwamba sikio linamwuma. Hewa ya nje huendelea kuongezeka uzito kadiri gari linavyoshuka. Ni nani anayelikumbuka sikio lake?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo mbele ya damu, pumzi na mapigo ya moyo. Ni kweli kwamba ni dogo. Hata hivyo dogo si sawa na hakuna, na kwa upande wa milima ya Uluguru yapo mambo ya maumbile yanayolifanya liwe kubwa kuliko linavyoandikwa katika vitabu vya ugenini.

Yafaa kwanza kueleza jinsi sikio lilivyo. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani ya chumba hicho vimo vijifupa vitatu viitwavyo nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo huchukua mtikisiko wa kiwambo na kuufikisha kwenye sikio la ndani. Kila aliyekaa karibu na wapiga ngoma ajua kwamba kiwambo hakitoi sauti njema isipokuwa kimekaa sawasawa. Ngozi ikilegea kwa unyevu hupelekwa motoni. Ikikazwa kupita kiasi nayo hulia vibaya. Kiwambo cha sikio nacho hutaka usawa, ila usawa wake hautokani na moto. Unatokana na hewa: iliyo nje na iliyo ndani sharti zisukume kwa nguvu moja.

Kazi ya kusawazisha imekabidhiwa mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita 3 na nusu hivi kwa mtu mzima, unaotoka katika chumba hicho hadi nyuma ya pua. Mrija huo hupewa jina la Bartolomeo Eustachi, mganga wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Kwa kawaida umefungwa. Hufunguliwa na misuli ya kaakaa kwa sehemu ndogo ya sekunde kila mtu amezapo au apigapo mwayo, ukapitisha hewa kidogo, ukafungwa tena. Kwa mtoto mdogo mrija ni mfupi na umelala karibu sawa na ardhi, ndiyo sababu mafua ya mtoto hufika sikioni upesi.

Jambo moja katika umbile la mrija huu ndilo kiini cha habari yote inayofuata. Hewa ya ndani ikizidi ya nje, mrija husukumwa ukafunguka wenyewe, bila ya mtu kumeza chochote. Hewa ya nje ikizidi ya ndani, mrija haufunguki wenyewe. Kinyume chake, kuta zake laini hubanwa na kushikamana zaidi. Hapo hapana budi misuli ifanye kazi. Kwa hiyo apandaye mlima husaidiwa na maumbile, na ashukaye hujitegemea.

Sasa tazama chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyetiwa usingizi mzito hamezi, na misuli ya kaakaa imelegea. Tangu zamani wataalamu wa usingizi wamejua kwamba hewa iliyomo sikioni mwake haikai kama ilivyokuwa. Mhalifu mkuu ni gesi iitwayo naitrasi oksaidi, ile ambayo daktari wa meno Horace Wells wa Marekani alijaribu mwaka 1844 kuing'olea meno bila maumivu. Gesi hii huyeyuka katika damu zaidi ya mara 30 kuliko naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa ya kawaida. Damu huileta kwa wingi katika kila uwazi wa mwili uliofungika, nayo huingia upesi kuliko naitrojeni iwezavyo kutoka. Uwazi ukiwa na kuta laini, kama utumbo, huvimba. Ukiwa na kuta za mfupa, kama chumba cha sikio, mkandamizo hupanda. Umepimwa ukifika zaidi ya milimita 300 za maji katika muda wa nusu saa hivi, na mara nyingi kabla ya hapo mrija hufunguka na kupumua. Gesi ikifungwa mwisho wa upasuaji, mambo hugeuka: naitrasi oksaidi hutoka mbio kurudi katika damu, naitrojeni huchelewa kuchukua nafasi yake, na kiwambo huvutwa ndani. Daktari anayebandika kiraka kwenye kiwambo kilichotoboka huogopa hali zote mbili, maana ya kwanza hukiinua kiraka na ya pili hukinyonya. Ndiyo sababu huagiza gesi hiyo ifungwe mapema kabla ya kubandika, au isitumike kabisa.

Chombo cha kupumulia nacho kina sehemu yake. Barakoa ya usoni, muuguzi aibanapo na kukamua mfuko, husukuma hewa katika pua na koo lote, na kiasi fulani chaweza kupenya mrijani. Mpira wa kupumulia uingiao moja kwa moja katika koo la hewa huuacha ukumbi wa nyuma ya pua bila kusukumwa, lakini kuuingiza kwahitaji kulinyanyua koo kwa chuma, na puto lake huvimbishwa ili hewa isivuje. Kati ya hivyo viwili ipo barakoa ya koo, aliyoanza kuibuni Daktari Archie Brain mjini London mwaka 1981 na ikaanza kuuzwa mwaka 1988. Hiyo huketi juu ya mlango wa koo la hewa bila kuingia ndani. Puto lake pana huegemea kuta za koo, na likijazwa kupita kiasi huzibana tishu za jirani. Vizazi vya baadaye, kama ile iitwayo i-gel, havina puto kabisa. Vimeumbwa kwa mpira laini unaojilaza juu ya koo.

Katika miaka ya karibuni madaktari wa nchi mbalimbali wamevilinganisha vyombo hivi kwa kupima mkandamizo wa sikio kabla ya usingizi, katikati yake na baada yake. Kipimo hufanywa kwa timpanometa, chombo kidogo kinachoziba tundu la sikio, kikabadilisha hewa ya nje kidogo kidogo na kusikiliza ni wapi kiwambo kinatikisika vizuri zaidi. Hapo ndipo hewa za pande mbili zilipo sawa. Majibu yao hayakubaliani yote. Wagonjwa waliopimwa mara nyingi ni wachache, gesi zilizotumika si zile zile, na tofauti iliyoonekana kati ya chombo na chombo kwa kawaida ni ndogo kuliko ile inayoletwa na naitrasi oksaidi peke yake. Kwa hiyo anayetaka kuambiwa kwamba chombo fulani ni rafiki wa sikio na kingine ni adui atalazimika kungoja. La hakika zaidi lahusu mipira ipitishwayo puani: ikikaa siku nyingi huvimbisha ngozi laini inayozunguka mlango wa mrija, na maji hukusanyika nyuma ya kiwambo. Madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi wanalijua jambo hilo.

Tafiti za namna hii ni njema, lakini haifai kuzichukua kama zilivyo na kuziweka juu ya meza ya Mgeta. Zimefanywa katika hospitali zenye naitrasi oksaidi inayotiririka ukutani kwa mabomba, na wagonjwa wake hulala na kuamka katika usawa ule ule wa bahari. Hapa Tanzania, hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya vinavyopasua hutegemea sindano ya uti wa mgongo na ketamini. Ketamini si gesi, wala haimwondolei mgonjwa uwezo wa kumeza kama dawa nyingine zinavyofanya. Sindano ya mgongo humwacha mtu macho. Kwa upande huo sikio la mgonjwa wa Mgeta laweza kuwa salama kuliko sikio la mgonjwa wa hospitali kubwa ya Ulaya, na si vibaya kulisema hilo waziwazi, kwa kuwa kuna tabia ya kudhani kwamba kila kitumikacho vijijini ni upungufu. Ulaya kwenyewe hospitali kadhaa zimeanza kuiacha naitrasi oksaidi, si kwa ajili ya masikio, bali kwa kuwa huchangia joto la dunia mara 270 hivi kuliko kiasi kile kile cha hewa ya ukaa.

Lakini faida hiyo yaweza kupotea barabarani.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kuifuata. Hewa ya kawaida kwenye mita 1500 hukandamiza kwa nguvu ya milimita 634 hivi za zebaki. Kwenye mita 500 hukandamiza kwa 716. Tofauti ni karibu milimita 80. Mwaka 1937 waganga wa usafiri wa anga wa Marekani, Harry Armstrong na J. W. Heim, walieleza yaliyotokea kwa watu waliowekwa katika chumba ambacho hewa yake hubadilishwa. Hewa ya nje ilipozidi ya sikioni kwa milimita 60 hivi, maumivu yakawa makali. Ilipozidi kwa 80 hadi 90, mrija ulibanwa hata misuli ikashindwa kuufungua. Mtu alimeza na kumeza bila ya faida. Tangu hapo vitabu vya urubani vimeendelea kutaja viwango hivyo, na watumishi wa ndege hushauriwa kuwaamsha abiria waliolala kabla ya kutua.

Weka sasa takwimu hizo pamoja. Milimita 300 za maji, ambazo ndizo zinazowashughulisha watafiti wa vyombo vya usingizi, ni sawa na milimita 22 za zebaki. Mteremko wa kutoka Nyandira hadi Morogoro, kwa mtu asiyemeza hata mara moja, ni karibu mara nne ya hizo, na unaelekea upande ule mbaya ambao mrija haujifungui. Kwa maneno mengine, katika Uluguru mlima hufanya kazi kubwa kuliko mpira. Anayejadili kama mgonjwa huyu awekewe barakoa ya koo au mpira wa kupumulia, kwa sababu ya sikio, halafu akamteremsha mita 1000 akiwa hajitambui, anapima kijiko huku ndoo inamwagika.

Ni sharti kuongeza kwamba hesabu hiyo ni ya hali iliyo mbaya kuliko zote. Watu hawafanani. Wako ambao mrija wao hupitisha hewa kwa urahisi, na usingizi si wa namna moja. Mgonjwa aliyepewa ketamini pekee pengine humeza njia nzima. Wengi hufika Morogoro wakiwa wazima wa masikio. Lakini yuko mjamzito, ambaye ngozi ya ndani ya pua huvimba kwa sababu ya ujauzito wenyewe, akawa na pua iliyoziba hata bila mafua. Yuko mtoto mwenye mafua ya baridi ya Juni na Julai, wakati ambapo ukungu wa Mgeta hauondoki hadi saa nne. Yuko mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, ambaye misuli yake ya kufungua mrija haina mahali pazuri pa kushika. Na yuko aliyeanguka au kugongwa na pikipiki, akapoteza fahamu, ambaye hakuna awezaye kumwomba ameze. Hao ndio watu wa gari la wagonjwa.

Na si sikio tu linalotii kanuni hiyo. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba hewa iliyofungiwa hupungua ukubwa kadiri inavyokandamizwa. Puto la mpira wa kupumulia ni hewa iliyofungiwa. Likijazwa vyema Nyandira, hewa yake itakuwa imepungua ukubwa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi itakapofika Morogoro. Puto lililokuwa likiziba sasa laweza kuvuja, mate na matapishi yakapata njia ya kuingia mapafuni. Kwa safari ya kupanda huwa kinyume: puto hukaza na kubana koo la hewa. Wahudumu wa ndege za wagonjwa hulijua jambo hili, na baadhi hujaza puto maji badala ya hewa, maana maji hayabanwi. Dereva na muuguzi wa barabara ya Langali wana kila sababu ya kulijua pia. Puto likaguliwe kabla ya kuondoka, likaguliwe tena njiani. Muuguzi anayefanya hivyo kwa ajili ya mapafu atakuwa amepata nafasi ya kulikumbuka sikio, kwa kuwa kinachotokea kwenye puto lililo mkononi mwake ndicho kinachotokea nyuma ya kiwambo asichokiona.

Upo ubishi mmoja unaostahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba mtaalamu wa usingizi wa wilayani ana kazi ya kuokoa roho, mara nyingi akiwa peke yake usiku kucha, na kwamba kumwongezea habari ya sikio ni kumwongezea mzigo. Kwa upande wa kuchagua chombo, ubishi huo ni wa haki kabisa. Mama aliyeshikwa na uchungu ana tumbo lililojaa. Akihitaji usingizi mzito, mpira wenye puto ndio unaomlinda asivute matapishi, na hakuna hoja ya sikio iwezayo kuuondoa. Ingekuwa upumbavu kumnyima mama kinga hiyo ili kiwambo kisivutike. Hali kadhalika mpira wa tumboni hauwekwi kwa anasa.

Lakini yale ambayo sikio linayadai barabarani karibu yote hayana gharama, wala hayapingani na pumzi. Mgonjwa aliyepasuliwa na anayeweza kungoja, angoje hadi aamke sawasawa, ndipo ateremshwe. Aliyechomwa sindano ya mgongo yu macho, muuguzi amwambie tu, tangu Nyandira, "Mama, meza mate kila mara, ukisikia sikio limejaa uniambie." Mtoto mchanga anayeruhusiwa kunyonya anyonyeshwe wakati wa kuteremka, wala si kabla ya kuanza safari. Pua iliyoziba itiwe matone ya kuifungua kabla ya kuondoka, ikiwa daktari haoni kizuizi. Mpira wa tumboni usiohitajika tena utolewe, na kwa asiyejitambua, ukiwa hauna budi kuwapo, upitishwe mdomoni. Mwenye fahamu aliyeanza kuumwa sikio asiambiwe avumilie hadi mjini: gari lisimame, ajaribu kumeza, na akishindwa lirudi juu kidogo, maana mita 100 au 200 za kurudi zaweza kuulegeza mrija uliobanwa. Bila shaka gari halirudi nyuma mgonjwa akiwa anavuja damu. Hapo sikio litangoja, na litibiwe baadaye, mradi kuna mtu aliyeandika kwamba litazamwe.

Neno hilo la kuandika ndilo lenye upungufu mkubwa. Mgonjwa anaporudi nyumbani na sikio lililojaa, yeye na jamaa zake husema ni nusukaputi haijamwisha, ama ni baridi, ama ni uchovu wa kuuguza. Mara nyingi huwa kweli, hali hiyo hupita baada ya siku chache. Pengine haipiti. Damu au maji yaliyobaki nyuma ya kiwambo hupunguza usikivu, na kiwambo kikipasuka huacha tundu ambalo wadudu wa ugonjwa hulitumia kama mlango. Hakuna aulizaye, kwa kuwa fomu ya mgonjwa aliyepasuliwa ina mahali pa joto, mapigo ya moyo, mkojo na kidonda, lakini haina mstari wa sikio.

Nao usikivu katika nchi hii si mali iliyobaki ya ziada. Uchunguzi wa wanafunzi wa shule za msingi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta ugonjwa sugu wa usaha wa sikio kwa zaidi ya wanafunzi 9 katika kila 100 wa sehemu za vijijini, na kwa zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 wa mjini. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango cha 4 katika 100 kuwa ni janga linalotaka hatua ya haraka. Mtoto wa namna hiyo huingia chumba cha upasuaji akiwa tayari na sikio bovu, naye si haba katika wodi yoyote ya Tanzania. Kwa ajabu, tundu lililokwisha kuwapo humkinga na mkandamizo, kwa sababu hewa hupita. Anayestahili kuhurumiwa zaidi ni yule ambaye sikio lake la pili, lililo zima, ndilo analolitegemea. Katika darasa lenye watoto wengi, mwalimu aliye mbele hana namna ya kutofautisha mtoto asiyesikia na mtoto mzembe. Fimbo huwafikia wote wawili.

Haja ya kulitazama jambo hili imeongezeka, wala haikupungua. Tangu mwaka 2017 serikali imeviimarisha vituo vya afya vingi ili viweze kupasua kwa dharura, hasa akina mama. Hiyo ni hatua ya kusifiwa. Maana yake nyingine ni kwamba mtu aweza kutiwa usingizi juu mlimani, na akipata matatizo akateremshwa kwa haraka siku ile ile akiwa hajaamka, jambo ambalo zamani halikuwezekana kwa kuwa hapakuwa na pa kumpasulia. Si Uluguru pekee. Usambara, Upare, Kilimanjaro, Rungwe, na milima ya Kenya na Kivu ina barabara za namna hiyo. Kanuni ya Boyle haina mpaka.

Milima ya Uluguru imechunguzwa sana. Udongo wake na mmomonyoko wake umeandikwa tangu enzi za ukoloni, na matuta ya lazima ya miaka ya 1950 yaliwatia wananchi hasira. Maji ya Ruvu hupimwa kwa sababu Dar es Salaam huyanywa. Ndege wake na mimea isiyopatikana kwingine duniani imewavuta wataalamu wa mabara yote. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilicho chini ya mlima huo kinawajua mbuzi wa maziwa wa Mgeta, na maharage, na viazi. Haielekei kwamba kiwambo cha sikio la mwanadamu apitaye barabara ile ile na kabichi hizo kinahitaji ujuzi mgumu kuliko huo.

Kinachotakiwa ni timpanometa mbili za mkononi, moja juu na moja chini. Kwanza wapimwe watu wazima wenye afya wakiwa abiria wa kawaida, wanaomeza wapendavyo, ili ijulikane mteremko huo humfanya nini mtu asiye na neno. Kisha wapimwe, kwa ridhaa yao au ya jamaa zao, wagonjwa wateremshwao: aliyechomwa sindano ya mgongo, aliyepewa ketamini, aliye na barakoa ya koo, aliye na mpira wenye puto, kabla ya safari, wafikapo, na tena baada ya siku tatu. Kila mmoja aandikwe kama ana mafua, kama ana mpira puani, gari limechukua muda gani, na amemeza au hakumeza. Mpimaji si lazima awe daktari bingwa. Muuguzi wa kituo aweza kufundishwa kazi hiyo, na dereva ndiye anayejua ni kwenye kona ipi baada ya Langali masikio ya abiria huanza kuziba.